Kisomo kinakwama wapi? Dalili, vyanzo na tiba za makosa ya tajwidi kwa msomaji Mswahili

Watu wazima wanaokuja darsani kwangu jioni karibu wote huanza na neno moja: "Ustadh, ulimi wangu mzito." Nikiwasikiliza nakuta ulimi si mzito hata kidogo. Ni mwepesi mno. Umezoea Kiswahili tangu utotoni, na kila ukikutana na neno la Kiarabu ambalo Kiswahili kililichukua zamani, unakimbilia umbo lile la nyumbani. Ndiyo maana mtu husoma vizuri neno asilowahi kulisikia, kisha akaliharibu "alhamdu". Makosa yetu makubwa hayako kwenye sura ndefu tusizozizoea. Yako kwenye Fatiha na Juzuu Amma, ile juzuu ya mwisho ya Qur'ani.

Kabla ya kutafuta tiba, jirekodi kwa simu. Soma Fatiha, Suratul Asr, Suratul Qadr na Suratul Ikhlas kwa kasi yako ya kawaida ya swala, si ile kasi ya kumfurahisha mwalimu. Kisha sikiliza ukiwa na msahafu na kalamu ya risasi: mara ya kwanza fuata irabu tu, mara ya pili shadda tu (alama ya kukaza herufi), mara ya tatu herufi. Ukitaka kusikia vyote kwa mkupuo hutasikia kitu. Kwa kulinganisha, mimi huwapa wanafunzi kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, yule aliyerekodi msahafu mzima kwa murattal, yaani kisomo cha utulivu, mwaka 1961, wa kwanza kufanya hivyo. Hana haraka, na kila herufi unaisikia inapotoka.

Jambo moja zaidi. Wanavyuoni wa tajwidi, elimu ya kuisoma Qur'ani kwa usahihi, wamegawa makosa mafungu mawili: lahn jalii, kosa la wazi linalogusa herufi au irabu, na lahn khafii, kosa la kujificha, kama kupunguza ghunna, ile sauti ya puani. Tibu la wazi kwanza. Nimeona watu wakihangaika kuhesabu harakati (vipimo vya kuvuta irabu) sita za "dhaalliin" ilhali "iyyaaka" yao haina shadda.

"Kila nikisimama, neno linaishia na irabu"

Hii ndiyo dalili ya kwanza karibu kwa kila mtu. Suratul Asr inasikika "wal-asiri… lafii husuri… bisabiri". Aya iliyopaswa kukatika kwenye sukuni, yaani herufi isiyo na irabu, inapata mkia.

Chanzo ni Kiswahili chenyewe. Lugha yetu haipendi konsonanti mbili zigandane, wala neno kuishia bila irabu. Tazama tulivyoyafanya maneno ya Kiarabu tulipoyakaribisha: waqt ikawa wakati, qabr ikawa kaburi, bahr ikawa bahari, shukr ikawa shukuru, fikr ikawa fikiri. 'Asr yenyewe tunaiita alasiri, na fajr ni alfajiri. Kwa hiyo ukifika kwenye "wal-'asr" mdomo hauoni neno geni, unaona saa kumi jioni.

Kosa hili si la umbo la neno tu, kwa sababu katika Kiarabu irabu hubeba maana. "An'amta" ni wewe uliyeneemesha. Ukisema "an'amtu" umejisema wewe mwenyewe. Mtu aliyezoea kubandika irabu popote pa sukuni hawezi kuilinda irabu pale inapobeba jambo zito.

Tiba yake ni Suratul Qadr. Aya zake ni tano, na zote zinaishia na raa iliyotanguliwa na herufi yenye sukuni: qadr, qadr, shahr, amr, fajr. Weka vidole viwili chini ya kidevu. Sema "amr". Taya inatakiwa kushuka mara moja tu. Ikishuka mara mbili umesema "amri", na hilo ni neno la Kiswahili. Anza na amr na shahr. Usianze na qadr wala fajr, kwa kuwa dali na jimu zenye sukuni zina qalqala, yaani mdundo mdogo, nawe bado hujajua kutofautisha mdundo na irabu.

"Ahad yangu ni 'ahadi', au ni 'ahat'"

Hizi ni dalili mbili na vyanzo viwili, lakini huchanganywa.

"Ahadi" ni lile kosa la juu. "Ahat" ni kosa la anayeikimbia "ahadi": anaogopa irabu mpaka anaua sauti ya dali, inabaki taa. Kuna na la tatu, la sisi wa pwani hasa. B na d za Kiswahili hutamkwa kwa kuvuta pumzi ndani kidogo, kama mtu anayemeza. Sema "baba" polepole utaihisi. Ukifika nayo kwenye "lahab" au "masad", herufi inazama kooni na haisikiki kabisa.

Herufi za qalqala ni tano: qafu, twaa, baa, jimu, dali. Gandisha ulimi au midomo mahali pake, bana sauti kwa muda mfupi, kisha achia kuelekea nje bila kushusha taya. Fanya kwa Suratul Ikhlas, Falaq na Masad, maana kila aya ya sura hizo tatu inaishia na herufi ya qalqala. Kwenye "tabb" bana zaidi, pana shadda pale.

"Na'budu inatoka 'naabudu'"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapokata tamaa.

Ayn (ع) haimo katika Kiswahili cha kawaida, ila athari zake zimejaa. Ma'naa ikawa maana, ba'da ikawa baada, saa'a ikawa saa. Ayn ilipoondoka iliacha irabu mbili zimekaa pamoja, nasi tukajifunza bila kuambiwa kwamba pahala pa ayn ni pa kuvuta. Kwa hiyo "na'budu" inakuwa "naabudu", "an'amta" inakuwa "anaamta", na isti'adha, ile dua ya kujikinga na shetani kabla ya kusoma, inafunguliwa kwa "audhu", ayn haipo kabisa.

Wengine, wakishaambiwa kosa, hukimbilia upande wa pili. Wanakata koo kwa kishindo, na kinachotoka ni hamza. Wanadhani wamepona. Lakini hamza na ayn zinabeba maana mbalimbali: 'aliim (عليم) ni Mjuzi, na aliim (أليم) ni yenye kuumiza, kama katika "'adhaabun aliim". Maneno yote mawili yamo ndani ya Qur'ani mara nyingi. Sifa ya Mwenyezi Mungu isije ikawa sifa ya adhabu kwa sababu ya uvivu wa koo.

Kipimo ni hiki: hamza huwezi kuivuta, ikikata imekata. Ayn yenye sukuni sauti yake hupita kidogo. Ukiweza kuishikilia kwa nusu pumzi, uko kwenye njia.

Namna ya kuitafuta: ayn na haa (ح) zinatoka mahali pamoja, katikati ya koo. Tofauti yao ni kwamba haa ni pumzi tupu, na ayn ina sauti. Toa haa ndefu, ile yenye msuguo, kama mtu aliyeonja pilipili akaihisi kooni. Ishikilie. Bila kusogeza kitu chochote, washa sauti. Kilichotoka ndicho ayn, hata kama kwa siku za kwanza kinafanana na mbuzi. Kisha gawa neno: na – ' – bu – du. Irabu ya "na" ni fupi, koo linabana, halafu "budu".

Usikaze shingo. Anayetoka jasho kwa ayn moja anaifanyia kazi kwa misuli isiyohusika.

"Halaka" moja, vitenzi vitatu

Nikimwambia mwanafunzi aandike kwa herufi zetu neno la Suratul 'Alaq, "khalaqa l-insaana min 'alaq", wengi wanaandika "halaka". Sasa angalia: khalaqa (خلق) ni aliumba, halaqa (حلق) ni alinyoa, na halaka (هلك) ni aliangamia. Kiswahili kinawaingiza wote chumba kimoja, kwani h yetu imebeba khaa ya habari, haa ya haki na haa nyepesi ya hewa, na k yetu imebeba kafu ya kitabu na qafu ya kalamu.

Haa nyepesi (ه) iko chini kabisa ya koo, ni ile pumzi unayopulizia kioo ili ukifute. Haa (ح) iko katikati, kavu, inasugua. Khaa (خ) iko juu, karibu na mdomo, yenye mkwaruzo kama wa kutoa kohozi, na ni herufi nzito. Wa pwani wengi wanayo khaa tayari na wanaidharau, wanasema "heri" hadharani na "kheri" nyumbani. Warudishe ile ya nyumbani.

Qafu hutoka pale shina la ulimi linapokutana na kaakaa laini, karibu na kimio. Sema "ka" mara kadhaa ukiisogeza nyuma kila mara, mpaka irabu yenyewe inanenepa. Ikinenepa umefika. Ukibaki kwenye kafu, "qul", yaani sema, inakuwa "kul", yaani kula. Na qalb, moyo, inakuwa kalb, mbwa.

"Swiraatwa": midomo imechongoka

Kosa hili nalipenda kulieleza kwa kuwa limeletwa na kalamu. Sisi huandika swala, swahaba, twahara, talaka kwa wengine ni twalaka. Hiyo w iliwekwa kuonyesha uzito wa swadi (ص) na twaa (ط), na kwa Kiswahili haina ubaya. Mimi mwenyewe naandika "swala" na sitaacha. Lakini aliyejifunza Fatiha kwa kijitabu cha herufi za Kilatini anaisoma w kama ilivyoandikwa, na midomo inachongoka kama anapiga mluzi.

Uzito wa herufi hautoki midomoni. Unatoka nyuma ya ulimi, unaoinuka kuelekea kaakaa na kuijaza sauti. Simama mbele ya kioo, tabasamu, useme "siraat" huku tabasamu limebaki. Kama sauti imekuwa nyembamba, "siraat" ya sini, bado unategemea midomo. Herufi za kudumu katika uzito ni saba: khaa, swadi, dhadi, ghayn, twaa, qafu, dhaa. Sini ikikaa mahali pa swadi, nasr ya ushindi inakuwa nasr ya tai. Na Suratut Tiin inaapa kwa tini, si kwa udongo. Tiin yenye twaa ndiyo udongo.

Uzito nao huambukiza. Katika "mustaqiim" qafu inaivuta taa jirani yake, na watu wanasema "mustwaqiim". Simama kidogo baada ya "mus", soma "ta" nyembamba kama ya "taa", ndipo uiendee qafu.

Dh ni balaa zaidi. Adhana ina dhali (ذ), dhuluma ina dhaa (ظ), Ramadhani ina dhadi (ض), nasi tunaziandika zote dh na kuzisoma zote kwa ncha ya ulimi kati ya meno. Kwa dhali ni sawa. Kwa dhaa ni sawa ukiongeza uzito. Kwa dhadi si sawa: ubavu wa ulimi, wa kushoto au wa kulia au zote mbili, unaegemea magego ya juu, na ncha haitoki nje ya meno. Ukiona ulimi wako kwenye kioo ukisoma "wa laddhaalliin", umesoma dhaa. Wanavyuoni wametofautiana juu ya swala ya anayeibadilisha, na wapo waliolegeza kwa ugumu wa kuzipambanua. Lakini ulegezaji ule ni wa mtu anayejifunza, usiufanye mto wa kulalia.

Tiba ya fungu hili zima ni kukiweka pembeni kijitabu cha Kilatini. Wiki sita za kusoma herufi za Kiarabu zinaokoa miaka.

Shadda zinapotea

Kiswahili hakirudufishi konsonanti, basi "rabbi" inakuwa "rabi" na "iyyaaka" inakuwa "iyaaka". Fatiha pamoja na bismillahi ina shadda 14, na wanavyuoni wa Kishafi, ambao ndio madhehebu ya wengi wetu huku pwani, wamezihesabu moja moja, wakasema anayeiacha moja anarudia neno lile. Zitie alama kwenye nakala yako. Mbili za mwisho ziko neno moja, "dhaalliin": ya dhadi na ya lamu. Namna ya kuisoma: ifunge herufi, kaa juu yake kitambo, ndipo uifungue. "Rab", kaa, "bi".

Madda imekwenda mahali si pake

Madda ni kuvuta irabu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo wetu huvuta irabu. Ndiyo sababu "lam yalid" inatoka "lam yaalid" na "ahad" inakuwa "aahad". Pima kwa aya hii: "lam yalid wa lam yuulad". Ya kwanza ni fupi, ya pili ndefu. Kama kwako zimelingana urefu, mkazo wa Kiswahili ndio unaosoma, si wewe. Jozi nyingine ni "maaliki" ya Fatiha, ndefu, na "maliki" ya Suratun Naas, fupi. Na katika takbira, "akbar" isivutwe ikawa "akbaar", kwani vitabu vya fikihi vinasema hilo ni wingi wa neno la ngoma.

Hesabu za madda za hali nyingine, nne, tano, sita, mwachie mwalimu. Muhimu ni kwamba ukichagua nne usomapo, usiruke kwenda tano aya inayofuata.

R na l, gh na g

Lugha nyingi za bara hazipambanui r na l, na aliyekulia huko anaweza kusema "labbil" kwa "rabbil" bila kusikia kosa. Hapa sikio huanza kabla ya ulimi: mtu mwingine asome maneno, nawe uinue mkono kila usikiapo r. Mpaka sikio lisikosee mara kumi mfululizo, usianze kutamka. Ghayn ya "ghayri" ikikataa, sukutua bila maji.

Nuni yenye sukuni: hapa Kiswahili kinakusaidia

Watu huogopa hukumu za nuni bila sababu. Iqlab, kuigeuza nuni kuwa mimu mbele ya baa, unaifanya kila siku: wingi wa ubao ni mbao, si "nbao". Basi "min ba'd" ukiisoma "mim ba'd" hujajifunza kipya, umeongeza ghunna ya harakati mbili tu. Kinachotushinda ni hiyo ghunna, kwa sababu katika Kiswahili n hukimbilia konsonanti inayofuata na kupita. "Kuntum" tunaisoma "ku-ntum" bila kukaa puani. Kaa.

Na penye idhhar, yaani kuitamka nuni wazi mbele ya herufi sita za koo, usikae. "An'amta", "min khawf": nuni iguse ufizi, iachie, basi. Anayetia irabu hapo, "ana'amta", arudi kwenye zoezi la taya.

Huenda si kosa

Mwanafunzi mmoja alinijia na wasiwasi kwamba msomaji maarufu kwenye simu yake anakosea, anasoma "maliki yawmiddiin" bila kuvuta. Alikuwa amepakua riwaya ya Warsh, njia nyingine iliyopokewa ya kuisoma Qur'ani. Sisi Afrika Mashariki tunasoma Hafs kutoka kwa 'Asim, na humo ni "maaliki". Zote mbili sahihi, ila usizichanganye ndani ya kisomo kimoja, na ukijifunza chagua faili lililoandikwa Hafs.

"Darsani sawa, kwenye swala linarudi"

Chanzo ni mahadhi. Wengi tulisoma chuoni kwa kuimba pamoja, watoto thelathini kwa sauti moja, na kosa limefumwa ndani ya lile wimbi. Ukiyaanza mahadhi yale, kosa linakuja nayo. Badilisha mahadhi, au soma bila mahadhi kabisa kwa muda, na simama mwisho wa kila aya kama Umm Salama, mke wa Mtume, alivyoeleza kisomo chake Mtume, rehema na amani zimshukie. Tengeneza kosa moja kwa wiki, katika rakaa mbili za sunna kwanza, huko hakuna maamuma wa kumharakishia.

Fundi cherehani mmoja wa darsani alifanya hivyo kwa ayn. Alikuwa akirudia "na'budu" kila akikata kitambaa, miezi mitatu. Ayn imekaa, nzuri kuliko yangu. Tatizo lake sasa ni la dukani: mteja akiuliza nguo itakuwa tayari lini, anamjibu "sa'a kumi al-'asr", na mteja anauliza hiyo ndiyo saa ngapi.